Picha Haisemi

Mtu akikuambia kuwa picha haisemi uongo, mjibu kwamba picha haisemi kabisa. Wanaosema ni wanaoitazama, nao ni binadamu wenye mazoea yao.

Mjomba wangu alipatwa na kiharusi katika nusu ya kulia ya ubongo. Mkono wake wa kushoto ulilegea, na maneno yakampotea. Akitaka maji, hutaja ngazi. Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akaona doa upande wa kulia, akatuambia kuwa lugha hukaa kushoto, kwa hiyo mzee amechanganyikiwa tu, tungoje. Tukangoja. Hakuna aliyempa kalamu. Siku nilipompa mimi, aliishika kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa mzima na ndio aliouandikia maisha yake yote. Herufi zilikuja shaghalabaghala. Mzee akalia. Na mtu huyo huyo alihesabu chenji bila kukosea, akamtambua kila mgeni aliyeingia. Je, huko ndiko kuchanganyikiwa?

Mwaka 1865 Paul Broca wa Paris alitangaza kuwa tunasema kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Ni kanuni njema, lakini desturi ya wengi si sheria ya wote. Mwaka 1899 Byrom Bramwell, daktari wa Edinburgh, alikwisha andika juu ya wagonjwa waliokwenda kinyume chake. Mwaka 2000 Stefan Knecht na wenzake huko Ujerumani walichapisha vipimo vya watu wenye afya: miongoni mwa wanaotegemea kabisa mkono wa kulia, 4 katika kila 100 lugha yao ilielemea kulia, kwa wa kushoto kabisa, 27. Basi anayesema "haiwezekani" amesoma nusu ya kitabu.

Wako watakaosema kuwa wagonjwa wa namna hii ni wachache na daktari hana wakati. Wakati gani? Kikombe, kalamu na dakika tano zatosha: kitaje hiki, rudia neno hili, andika jina lako. Hata mtambo ule unaofuata mwendo wa damu ubongoni, uliovumbuliwa miaka ya 1990, kwa kawaida haufichui lugha mpaka mtu apewe kazi ya maneno. Picha ya kawaida huonyesha nyama iliyokosa damu. Neno lililopotea halimo humo.

Sisemi mitambo itupwe. Nasema picha isitangulie masikio. Mgonjwa aliyeandikwa kuwa amechanganyikiwa hapelekwi kufundishwa kusema upya. Husukumwa pembeni, na jamaa zake hujifunza kusema juu yake huku yeye yupo. Nasi tulifanya hivyo kwa majuma kadhaa. Mjomba alikuwa akitusikia.