Machozi ya Mtoto Hayauzwi

Miye naupenda mchezo wa mtu mmoja. Nisichokubali ni kumsimamisha mtoto peke yake mbele ya wageni, aigize kwa Kiingereza tulivyokimbia Katanga. Hofu ile ilimwingia kwa Kiswahili chetu: "Mama iko wapi?" Ukiigeuza lugha, inabaki habari ya ripoti tu.

Kule Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji waliigiza maisha yao kwa Kikuyu. Serikali ikaupiga marufuku mchezo, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Lugha ya nyumbani ina nguvu hiyo!

Basi, ndugu zetu wa mashirika hapa Mantapala, mtoto achague mwenyewe hadithi, lugha na watazamaji. Akikataa, jamani, mwacheni akacheze.