Pasaka Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Mtu wa Masasi hana haja ya kufundishwa maana ya Pasaka ya Wayahudi. Sikukuu ile ni kumbukumbu ya watu waliotoka utumwani Misri. Nao mji wetu ulimpokea Askofu Edward Steere mwaka 1876, alipowasili kutoka Zanzibar pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga na kulima chini ya milima yetu ya mawe. Kwa hiyo habari tunayoieleza leo, ingawa ni ya Uganda, si ya wageni kwetu.

Karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon, wanakaa Abayudaya, Waafrika wapatao elfu mbili wanaoshika dini ya Kiyahudi. Jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengi wakaiacha imani, wachache wakasali kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliutwaa mji wa Kampala, na jioni ya siku ile ile ndipo Pasaka ya Wayahudi ya mwaka huo ilipoanza. Askari wetu walikwenda kumwondoa mvamizi wa Kagera. Kumbe walikuwa pia wakifungua mlango wa sinagogi.

Miaka arobaini na mmoja baadaye mlango ule ulifungwa tena. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alisimamisha mikusanyiko ya ibada kwa sababu ya maradhi ya korona. Mwisho wa mwezi huo magari ya watu binafsi yakazuiwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Pasaka iliingia jioni ya tarehe 8 Aprili, kila jamaa nyumbani kwake.

Je, amri hizi mbili ni sawa? Hata kidogo. Amri ya Amin ilichagua dini ya kuionea, wala haikuwa na kikomo. Amri ya mwaka 2020 iliyahusu makanisa, misikiti na masinagogi pamoja, ikatajiwa siku zake, na shabaha yake ilikuwa kuokoa uhai. Dini ya Kiyahudi yenyewe inafundisha kwamba kuokoa uhai kunatangulia hata Sabato. Tena msomaji wa kitabu cha Kutoka anajua kwamba Pasaka ya kwanza kabisa ililiwa ndani, na watu walikatazwa kuvuka mlango mpaka asubuhi. Aliyeifunga milango ile kwa ajili ya tauni hakuifuta sikukuu.

Lakini haki ya amri haipimwi kwa nia peke yake. Hupimwa pia kwa chungu kilichoko jikoni. Torati iliagiza kwamba jamaa iliyo ndogo mno kwa mwana-kondoo mzima ishirikiane na jirani. Mchuuzi, fundi na kibarua hula jioni walichokipata mchana. Ukiwafungia bila posho, umewakinga na maradhi ukawaachia njaa. Serikali ya Uganda ilianza kugawa unga na maharage mwezi Aprili, ila mgawo huo ulianzia Kampala na Wakiso, na Mbale haikuwamo. Hapo ndipo penye kasoro.

Sisi tulishika njia nyingine. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, lakini nyumba za ibada ziliachwa wazi. Dola ilijinyima sikukuu yake yenyewe: sherehe za Muungano za tarehe 26 Aprili hazikufanyika, na shilingi milioni 500 zake zikaelekezwa katika kupambana na korona. Huo ulikuwa mfano mwema. Lakini tuseme kweli: tangu mwisho wa Aprili hesabu za wagonjwa hazikutangazwa tena hadi mwaka 2021. Muumini aliachiwa uhuru wa kwenda kusali, asipewe habari za kumwezesha kuutumia uhuru huo kwa busara. Mlango wazi bila taa ndani nao una hatari yake.

Maradhi mengine yatakuja, na sikukuu hazitakwisha. Hatuna budi basi kujiandaa. Kiongozi anayefunga mlango aeleze sababu, ataje siku ya kuufungua, apeleke chakula mpaka kijiji cha mwisho, wala asiihurumie dini moja akaibana nyingine. Naye muumini asione kwamba kukaa nyumbani ni kuikana imani. Watu waliohifadhi Pasaka chini ya Amin waliweza kuihifadhi chini ya korona. Tofauti ni kwamba safari ya pili walistahili kusaidiwa na dola, si kuikimbia.