Kazi za Mikono: Gari Kukuu Linapochemka

Baadhi yenu mmeuliza: Mbona jipu kukuu la dizeli huchemka njiani, nalo jana lilikwenda vema? Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Njia ya kutoka Niemba mpaka Kalemie ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Huku kwetu motokaa ya misioni au ya kituo cha afya si chombo cha fahari. Ndiyo machela ya mama mwenye uchungu na ya mtoto aliyezimia kwa malaria. Ikisimama porini, si injini peke yake iliyo hatarini.

Reli ipitayo Niemba, itokayo Kalemie kwenda Kabalo, ilimalizika mwaka 1915. Garimoshi za siku zile zilisimama mahali mahali kunywa maji, na kila mtu aliona. Motokaa nayo yahitaji maji, ila yake huzunguka ndani yasionekane, na kwa sababu hiyo wengi huyasahau. Basi shikeni neno hili la kwanza: injini nzima haimalizi maji yake. Yakipungua kila juma, jua kwamba upo mlango yanapotokea. Usiridhike kujaza tu.

Maji hufanyaje kazi? Pampu huyasukuma kuzunguka silinda, yakachukua moto. Kisha hupita katika mpira wa juu, yakaingia rejeta, yakapozwa na upepo wa feni, yakarudi kwa mpira wa chini. Katikati yupo bawabu, jina lake thamostati. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi hufunga njia, ikipata joto nta huvimba na kufungua. Juu ya rejeta pana kifuniko chenye springi, nacho si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kalemie iko mita 770 hivi juu ya bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 97. Kifuniko kizima huyakandamiza, hata yakapita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko chenye mpira uliopasuka, kitu cha bei ndogo, chaweza kuchemsha gari zima.

Sasa tutafute ugonjwa. Fundi mwenye akili huanza kwa kuuliza kama daktari: Joto lapanda lini?

Likipanda gari linaposimama au kwenda polepole, kisha likashuka mwendo unapoongezeka, shuku feni. Tazama mkanda: umelegea, umepasuka, umeng'aa? Katika Land Cruiser nyingi, kama zile za injini ya 1HZ ya lita 4.2 iliyoanza mwaka 1990, feni ina klachi yenye mafuta mazito ndani. Zima injini, ondoa ufunguo, ngoja ipoe, uizungushe feni kwa mkono. Yapasa kukupinga kidogo. Ikizunguka bure kama tiara, mafuta yale yamekwisha.

Likipanda mlimani au kwa mwendo wa kasi, shuku rejeta. Mwisho wa mvua majani hurefuka, na mbegu zake pamoja na wadudu na tope huziba mapezi ya rejeta, upepo usipite. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukianzia upande wa injini kutoka nje, ili uchafu urudi ulikoingilia. Ikiwa nje ni safi, pengine imeziba ndani kwa kutu. Injini ikiisha kupata joto, izime, kisha papasa uso wa rejeta kwa uangalifu: penye baridi katikati ya joto, maji hayapiti.

Likipanda upesi mara baada ya kuwasha, na mpira wa juu ukabaki baridi, bawabu amelala. Toa thamostati, uitundike kwa uzi katika sufuria ya maji juu ya moto pamoja na kipimajoto. Yapasa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine. Wengi huitupa wakaenda bila hiyo, wakidhani wametibu. Injini isiyopata joto lake hula mafuta na kuchakaa upesi. Na katika injini nyingine maji hufuata njia ya mkato yasipite katika rejeta, gari likachemka zaidi kuliko kwanza.

Maji yakipungua, tazama mipira, viungo vyake na chini ya pampu. Pampu ina tundu dogo. Likidondosha maji, pampu imechoka. Lakini usipoona tone nje, tazama ndani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, uiwashe. Mapovu yasiyokoma, moshi mweupe wenye harufu tamu, au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Hapo usiendelee na safari. Ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Na gari likichemka njiani? Simama, zima, fungua boneti, keti kivulini. Usiguse kifuniko mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuumia; maji yale yaliyokandamizwa huruka usoni, na wako waliopofuka hivyo. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa, ukizungushe polepole. Wala usimimine maji ya mto yenye baridi katika injini ya moto, maana chuma hupasuka kama chungu kilichotolewa mekoni.

Maji ya mto huleta tope na kutu. Yatumie kwa dharura tu. Nyumbani kinga maji ya mvua, yachuje, uyachanganye nusu kwa nusu na dawa ya kupozea. Lakini enyi akina mama na akina baba, sikieni: dawa ile ni tamu nayo ni sumu, yaweza kuua mtoto au mbuzi. Msiiweke katika chupa ya soda, wala msiimwage uani.

Yote haya hayadai fedha nyingi. Yadai dakika tano kila asubuhi kabla ya kuwasha: maji, mkanda, mipira, na chini ya gari. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mali ya parokia imenunuliwa kwa sadaka za wengi, hata za wajane. Dereva aitunzaye atunza sadaka hiyo, na pengine uhai wa mtu asiyemjua bado. Nanyi vijana wa shule, msidharau mikono yenye mafuta. Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala.