Homoni Inayoutunza Mji wa Mimba



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa kikundi chetu. Alikuwa amepoteza mimba tatu. Ya nne ilipoonyesha matone ya damu, daktari alimwandikia dawa iitwayo projesteroni. Nyumbani akaambiwa mengi: kwamba ana chango, kwamba alibeba ndoo nzito, kwamba hizo ni dawa za kupanga uzazi na zitamdhuru mtoto. Akatujia na karatasi ya dawa mkononi, hajui amsikilize nani. Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa wote.

Kazi yake mwilini

Homoni ni ujumbe ambao kiungo kimoja hukipelekea kingine kwa njia ya damu. Kila mwezi, yai lililopevuka hutoka katika ovari, na kifuko kililoacha nyuma hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano. Tezi hiyo ndiyo itoayo projesteroni. Homoni nyingine, estrojeni, imekwisha kuujenga utando wa ndani wa mji wa mimba. Projesteroni huulainisha na kuutia chakula, kama kitanda kinachotandikwa kumngojea mgeni.

Mgeni asipokuja, tezi hunyauka baada ya wiki mbili hivi. Projesteroni hushuka, utando hubomoka, na mwanamke huona siku zake. Mimba ikitunga, yenyewe hutoa homoni ya kuiambia tezi isinyauke. Hiyo ndiyo inayoonekana kwenye kipimo cha mkojo. Ifikapo kama wiki ya 8 hadi ya 10, kondo la nyuma huishika kazi ya kutoa projesteroni.

Miezi yote ya ujauzito homoni hii huutuliza msuli wa mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati. Hulegeza na misuli mingine, ndiyo sababu mojawapo ya kiungulia na choo kigumu kwa mjamzito. Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, projesteroni hushuka ghafla, na siku ya pili au ya tatu maziwa hufunguka kwa wingi.

Matumizi yake hospitalini

Wataalamu waliipata projesteroni safi mwaka 1934, kwa taabu, kutoka katika ovari za wanyama. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker aliitengeneza kutokana na viazi vikuu vya porini vya Mexico. Tusidanganywe na wauza dawa za mitaani: kula viazi vikuu hakuongezi homoni hii. Badiliko lile hufanyika katika maabara; tumbo la mtu haliliwezi.

Je, siku hizi hutumika wapi?

Kwanza, katika kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi na vidonge vya mama anayenyonyesha vina dawa ambazo ni ndugu za projesteroni. Huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na sindano na vijiti huzuia pia yai lisitoke. Wengi huona damu imekatika wakaogopa kwamba inakusanyika tumboni. Sivyo. Utando haukujengeka, basi hakuna cha kubomoka.

Pili, kwa wenye hedhi nzito au isiyo na mpango, baada ya daktari kutafuta chanzo chake.

Tatu, kwa waliokoma hedhi wanaopewa estrojeni kutuliza joto na jasho la usiku. Estrojeni peke yake huukuza utando, na baada ya muda saratani yaweza kuanza humo. Projesteroni huulinda. Aliyeondolewa kizazi kwa kawaida haihitaji.

Nne, kwa mjamzito ambaye picha ya ultrasaundi imeonyesha shingo ya kizazi ni fupi mno. Kwake hupunguza hatari ya kuzaa kabla ya wakati.

Mimba inayotishia kutoka

Sasa turudi kwa mama yetu. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Uingereza kwa wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa damu mwanzoni mwa ujauzito. Kwa wote kwa jumla, tofauti ilikuwa ndogo: katika kila 100 waliopewa projesteroni, 75 walipata mtoto hai; kwa waliopewa dawa tupu, 72. Lakini kwa waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa 72 kwa 57. Tangu 2021 mwongozo wa matibabu wa nchi hiyo unashauri dawa hii kwa anayetokwa damu na aliyewahi kupoteza mimba.

Basi daktari hakukosea. Tena dawa aliyoandikiwa ni homoni ile ile ambayo mwili wake hutengeneza. Zile ndugu zake za kupanga uzazi hufanya kazi kabla mimba haijatunga.

Hata hivyo, dawa hii si ahadi. Takribani nusu ya mimba zinazotoka mapema zina kasoro katika chembe za urithi tangu zilipotungwa, na hakuna kidonge cha kuzirekebisha. Mama huyo hakukosa kitu. Mawifi na mama wakwe, tunawasihi: msimwulize alibeba nini. Mpikieni uji, mumsindikize kliniki.

Na neno la tahadhari: mjamzito akitokwa na damu, asianze kwa kununua dawa dukani. Aende kupimwa kwanza. Pengine mimba imetunga nje ya mji wa mimba, nayo huweza kumwua mama asipowahi. Maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu au kuzirai ni dalili za kukimbilia hospitali saa ile ile.

Mama yetu bado anahesabu wiki zake. Safari hii mume wake huandamana naye kliniki, na ndoo ya maji huibeba yeye.

Tuonane mwezi ujao.