Tukadirie Kwanza, Ndipo Tukokotoe

Katika mazoezi ya kufundisha tumeshuhudia jambo hili mara nyingi. Mwalimu anaandika ubaoni: "Badili sekunde 1,000,000 ziwe siku." Mara darasa zima linauliza, "Tuzidishe au tugawanye, Mwalimu?" Swali hilo ni hukumu juu yetu walimu, wala si juu ya watoto. Maana yake ni kwamba tumewapa kanuni bila kuwapa fahamu.

Mtoto aliyezidisha mahali pa kugawanya hupata siku 86,400,000,000, akapiga mstari chini ya jawabu, akaleta daftari lisahihishwe bila wasiwasi wowote. Laiti angalizoeshwa kujiuliza kwanza kama jawabu litazidi namba aliyopewa au litapungua, angalisita. Siku ni kipimo kikubwa kuliko sekunde. Kwa hiyo idadi ya siku haina budi kuwa ndogo.

Wapo watakaosema kuwa kipindi ni kifupi na mtihani hauulizi makadirio. Hatukubaliani nao. Dakika tano za kukadiria huokoa nusu saa ya kusahihisha makosa yale yale.

Rai yetu ni kuanza na siku moja. Saa 24 mara dakika 60 ni dakika 1,440. Mara sekunde 60 ni sekunde 86,400. Namba hii na ibaki ubaoni. Wanafunzi wakigawanya 1,000,000 kwa hiyo, watapata siku 11, saa 13, dakika 46 na sekunde 40. Kisha waulizwe: je, sekunde bilioni moja ni muda gani? Wengi watadhani ni miezi michache. Kumbe ni zaidi ya miaka 31! Hata miongoni mwenu wanachuo, wengi hamjaufikia umri huo.

Yapo makosa mawili ya kuangaliwa sana. La kwanza ni la desimali: mtoto aliyezoea mita na sentimita husoma saa 2.5 kuwa saa 2 na dakika 50, ilhali ni saa 2 na dakika 30. La pili ni la mwaka. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760, lakini mwaka mrefu una saa 8,784. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. Mwaka 1900 haukuwa, kwa kuwa mwaka wa kukamilisha karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Basi tuwafundishe watoto kutaja ni mwaka gani wanaoutumia kabla ya kuanza hesabu.

Mwalimu mwenzetu, utakapoingia darasani, usilijibu lile swali la kuzidisha au kugawanya. Lirudishe kwa aliyeuliza: "Wewe waonaje, jawabu litakuwa kubwa au dogo? Kwa nini?" Hapo ndipo Hisabati inapoanza.