Gari la Vizibo na Haki Yake ya Kuingia Maabara

Aghalabu mtoto wa Izigo, wilayani Muleba, hutengeneza gari lake la kwanza kabla hajajua kuliandika neno gari. Vifaa vyake havinunuliwi. Shina la mgomba hutoa bodi. Vijiti vikavu vilivyochongwa kwa kisu hutoa ekseli. Magurudumu hupatikana kwa vizibo vya soda, au kwa soli ya ndara iliyokwisha kazi, iliyokatwa duara kwa wembe. Akikua kidogo huuacha mgomba na kuhamia kwenye waya, na gari lake huwa na usukani wenye mkono mrefu, hata aweze kuliendesha akiwa wima huku anakimbia. Kisha huja marekebisho na mapambo, kila mmoja kwa namna yake: madigadi ya bati la kopo, vioo vya pembeni vya karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, springi za mpira wa baiskeli uliokatwa vipande vyembamba, na ubavuni jina la basi lipitalo barabara ya Bukoba.

Shuleni kazi hii ina jina moja tu: mchezo. Gari likionekana chini ya dawati hunyang'anywa, na mwenyewe akibahatika hurudishiwa siku ya kufunga shule. Afikapo kidato cha kwanza amekwisha kuliacha, kwa kuwa ameambiwa kwamba sasa ndiyo anaanza kusoma fizikia. Hapo ndipo penye hasara. Mtoto huyo alikwisha kuchagua vifaa kwa kuzingatia sifa zake. Alikwisha kupambana na msuguano wa ekseli. Alikwisha kuona kwamba shina la mgomba, ambalo takriban sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji, hunywea likikauka, matundu ya ekseli yakalegea, na gari likaanza kuyumba baada ya siku chache. Hayo aliyajua bila kufundishwa. Alichokosa ni kimoja, nacho ndicho ambacho shule yaweza kumpa kwa gharama ndogo kuliko zote: skeli.

Gari lisilo na skeli hufanana na gari halisi kama katuni ifananavyo na mtu: kichwa kikubwa, miguu mifupi, na bado kila mtu humtambua. Katika nchi za viwanda jambo hili lilitatuliwa kwa njia ya biashara. Vijana wa Marekani na Ulaya kwa miaka mingi wamenunua makasha yenye vipande vya plastiki vya kuunganishwa kwa gundi, na juu ya kasha imeandikwa 1:24 au 1:25. Kampuni ya AMT ya Marekani ilianza mwaka 1958 kuuza makasha yaliyomruhusu kijana kuliunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au kulibadili kwa urembo wake mwenyewe, au kuligeuza kuwa la mashindano. Wapo walimu wanaotamani makasha kama hayo yaagizwe kwa ajili ya shule za sekondari. Faida yanayo: kijana hujifunza subira, unadhifu, na kutii mchoro. Lakini hesabu yenyewe ilikwisha kufanywa na mtu mwingine kiwandani, na mjenzi anaweza kumaliza gari zima asijue ile 1:24 ina kazi gani.

Mtoto wa Izigo hawezi kukwepa hesabu hiyo akitaka gari lake lifanane kweli na gari. Kasha lake ni kizibo. Kizibo cha chupa ya soda, kilichobuniwa na William Painter huko Baltimore na kupewa hataza mwaka 1892, kina upana wa milimita 32 hivi, na mtoto hana uwezo wa kukifanya kikubwa wala kidogo. Basi gurudumu ndilo litakaloamuru. Gurudumu la gari dogo la kawaida, pamoja na tairi lake, lina kipenyo cha sentimita 64 hivi. Gawa 64 kwa 3.2, jibu ni 20. Skeli imekwisha kupatikana, haikuchaguliwa na mtu. Gari lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6 litakuwa na urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 8. Dereva wa sentimita 170 atakuwa na kimo cha sentimita 8 na nusu. Anayetaka kutengeneza basi, ambalo gurudumu lake hufika karibu mita moja, hana budi aviache vizibo akatafute soli ya ndara, au akubali skeli ya 1:31 na hesabu ngumu zaidi. Hilo ni somo la ulinganifu wa maumbo, lile lile linalofundishwa kwa pembetatu ubaoni, ila hapa mwanafunzi akikosea hesabu kosa lake huonekana kwa macho.

Kizibo hicho kina fadhila nyingine. Mzingo wake ni 3.14 mara 3.2, yaani sentimita 10 kamili kwa kukaribia, hivyo kila kinapozunguka mara moja gari limesogea sentimita 10. Ukikiwekea alama ya chaki na kuhesabu mizunguko, gari lenyewe limekuwa chombo cha kupimia. Sasa gari hilo liendeshwe katika duara moja kamili. Ikiwa umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni sentimita 8, gurudumu la nje litakwenda mwendo mrefu kuliko la ndani kwa 2 mara 3.14 mara 8, yaani sentimita 50: mizunguko mitano zaidi. Ajabu ni kwamba tofauti hiyo haibadiliki hata duara likiwa dogo kama sinia au kubwa kama kiwanja cha mpira. Darasa lizima lipewe fursa ya kulikanusha jambo hili kabla ya kulithibitisha kwa kuhesabu. Baada ya hapo mtoto mwenye gari ambalo magurudumu yake yamekazwa kwenye ekseli ataeleza mwenyewe kwa nini kila akikata kona gurudumu moja huburuzika, na mwalimu ataweza kulitaja difu la lori kwa watu ambao tayari wanajua lilibuniwa kuondoa taabu gani.

Lipo pia somo ambalo gari la mfano hulifundisha kwa kudanganya. Likianguka kutoka mezani halipati hata mkunjo, na mtoto huhitimisha kwamba limeundwa imara. Ukweli ni kwamba katika skeli ya 1:20 urefu hupungua mara 20, eneo hupungua mara 400, na ujazo hupungua mara 8,000. Gari la kilo 1,000 likipunguzwa hivyo kwa vifaa vile vile litakuwa na gramu 125 tu. Nguvu ya kiungo hutegemea eneo la mkato wake, uzito hutegemea ujazo, hivyo kila kitu kidogo huonekana kuwa na nguvu kupita kiasi. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Tena bati la kopo lenye unene wa milimita 0.2, likikuzwa mara 20, huwa la milimita 4, na hakuna gari dogo la abiria linalovishwa bati nene kiasi hicho. Kijana asiyeonyeshwa mapema kwamba umbo hukua kwa sheria moja na uzito kwa sheria nyingine atakuja kujenga daraja au toroli kubwa kwa kuongeza vipimo vya lile dogo, na litamwangukia.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni muda: muhtasari ni mrefu, mtihani wa taifa u karibu. Lakini upimaji, msuguano, ulinganifu na ujazo vimo tayari katika masomo hayo hayo. Hakuna kinachoongezwa isipokuwa kitu cha kupima. Pingamizi zito zaidi halisemwi sana. Mtoto wa Izigo alilitengeneza gari lake kwa Kihaya, akalisifia kwa Kiswahili, na sasa anatakiwa alieleze kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza, na ukimya wao huandikwa kuwa ni udhaifu katika sayansi. Gari likiwekwa mezani mbele ya darasa, mwanafunzi hupata cha kuonyesha kwa kidole wakati anatafuta neno.

Nchi iliyojaa magari haikuona aibu kuwachukulia vijana wake kwa uzito katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1968 kampuni ya Fisher Body, tawi la General Motors, iliendesha mashindano ya kuunda vyombo vya mfano. Mwanzoni vijana walipewa mchoro wa gari la farasi la kifalme walifuate bila kuukiuka. Baadaye wakatakiwa kubuni gari lao wenyewe kwa skeli ya 1:12. Zawadi zake kubwa zilikuwa ada ya masomo ya chuo. Charles Jordan, aliyeshinda mwaka 1947, alikuja kuwa makamu wa rais wa General Motors aliyesimamia usanifu wa magari mwaka 1986. Mashindano hayo yalikuwa na dosari moja isiyostahili kuigwa: yaliwahusu wavulana peke yao. Izigo nako waya na vizibo huonekana mikononi mwa wavulana, kwa kuwa wasichana wametumwa maji au kuni, wala si kwa sababu mikono yao imeumbwa vingine.

Lakini ustadi usiochorwa hufa na mwenye mkono. Buhaya ina ushahidi wake. Kemondo, ufukoni mwa Ziwa Victoria, na mahali pengine katika eneo hilo, yamefukuliwa matanuri ya kuyeyushia chuma ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, walioandika juu ya kazi hiyo katika jarida la Science mwaka 1978, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri na kuyeyusha chuma. Wazee walifanya hivyo kwa kukumbuka na kujaribu, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kukoma zamani na hapakuwa na vipimo vilivyoandikwa popote. Laiti watafiti wangalichelewa miaka ishirini.

Mitaala iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2024 imeleta mkondo wa elimu ya amali katika sekondari, na hilo ni jema. Hatari iliyopo ni kwamba mwenye gari la vizibo ataelekezwa kwenye amali kwa kuwa ana mikono, na mwenye kukariri ataelekezwa kwenye fizikia kwa kuwa ana kichwa. Wa kwanza atakuwa fundi asiyejua kwa nini, wa pili msomi asiyewahi kutoboa bati. Gari hili dogo halikubali mgawanyo huo, na shule isilazimishe ukubalike.

Ikiwa taasisi za sayansi za taifa zitaandaa mashindano ya shule, yafaa yaanze katika wilaya kama Muleba na Bukoba, na masharti yawe machache. Vifaa viwe vya kuokota. Kila gari liambatane na mchoro wa upande, wa mbele na wa juu, wenye skeli, uliochorwa na mwanafunzi mwenyewe. Lisilo na mchoro lisipokelewe hata likipendeza namna gani. Na mchoro huo usihukumiwe kwa kutazamwa. Upelekwe shule nyingine, akabidhiwe mwanafunzi asiyemjua aliyeubuni wala hajaliona gari lake, apewe vizibo vinne na siku tatu. Kisha magari mawili yawekwe mezani pamoja, yapimwe kwa rula.