Nje Nako Moshi Unaua

Kila anayepikia mkaa anajua kwamba jiko haliachwi likiwaka chumbani ukafunga madirisha ukalala. Ni ujuzi wa kweli, ila tumeuzalishia imani ya uongo: kwamba penye upepo moshi hauna meno. Imani hiyo inaua watu majini, tena mchana kweupe.

Tazama Ziwa Powell, mpakani mwa Arizona na Utah, Marekani. Kumbukumbu za huko za miaka ya 1990 hadi 2000 zilipopekuliwa, vilipatikana visa 111 vya watu waliodhuriwa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa boti. Agosti 2000, ndugu wawili, watoto bado, walikufa walipoogelea chini ya jukwaa la nyuma la boti ya kulala, jenereta ilikotemea moshi wake. Walikuwa ziwani, jua likiwaka, hakuna aliyewafungia popote.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia damuni hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Nayo boti ikienda huacha pengo la hewa nyuma yake, na upepo unaopita ubavuni hugeuka ukavutwa humo pamoja na moshi wa ekzosi. Upepo ule ule tunaoutegemea ndio unaompelekea sumu aliyekaa nyuma. Na aliyeshikilia jukwaa kwa mikono ili aburutwe na kuteleza juu ya wimbi, pua yake iko mdomoni mwa bomba.

Watu watasema: "Miaka yote tunacheza hivyo, hajafa mtu." Nani alihesabu? Kichwa kikiuma, tunalaumu jua. Kichefuchefu tunakiita mawimbi, na kulegea tunakuita pombe. Anayezimia majini huandikwa amezama, na damu yake isipopimwa, ukweli unazikwa pamoja naye. Hoja ya "hajafa mtu" imejengwa juu ya makaburi ambayo hatukuyauliza.

California haikungoja zaidi: kwa sheria ya 2004 ilipiga marufuku mchezo huo wa kuburutwa kwenye jukwaa la nyuma. Walinzi wa Pwani wa Marekani wanashauri anayevutwa kwa kamba awe angalau futi 20, yaani mita 6 hivi, kutoka kwenye boti.

Haya hayahitaji fedha. Refusha kamba. Usimkalishe mtoto nyuma injini ikinguruma. Mtu akiogelea kuelekea ngazi, zima injini na jenereta kabla hajaifikia. Akilalamikia kichwa au kizunguzungu, mtoe kwenye moshi upesi, mpeleke hospitali, na umtajie daktari moshi wa boti ili apime damu.

Nahodha anayesema upepo utaupeperusha moshi, ashuke kwanza yeye majini, ashike jukwaa lile, na injini iwake. Akikataa, basi naye hauamini upepo wake, na hana haki ya kumwamrisha mtoto wa mwenzake auamini.